Nguo ya Ndege

Wahenga waliposema kila ndege huruka kwa ubawa wake, hawakutuambia ubawa huo umeshonwa na nani. Nikikaa barazani na watu nikawaambia kwamba kazi yangu ni kuzivika ndege nguo, huwa wanacheka. Mmoja atadhani nafuga kuku wa maonyesho, mwingine atadhani nashona vitambaa vya viti vya abiria. Nikiwaeleza kwamba ziko ndege ambazo bawa lake zima ni kitambaa kilichokazwa juu ya mbavu nyembamba, na kwamba hata ubavuni mwa rubani hakuna bati wala ubao bali nguo, kicheko hukatika. Hapo huniuliza swali moja: "Na kikipasuka je?"

Swali hilo ni la haki, nami nimeishi nalo miaka zaidi ya thelathini. Lakini si swali gumu kuliko yote. Kitambaa kizuri kilichowekwa vizuri hakipasuki ovyo. Swali gumu ni jingine, na naomba msomaji univumilie nilifikie polepole, kwa sababu mimi mwenyewe sikulifikia kwa siku moja.

Nilizaliwa Voi, katika nyumba ya fundi cherehani. Baba alikuwa na cherehani yake ya miguu kwenye baraza ya duka karibu na soko, na hapo alishona sare za shule, kanzu, suruali za wafanyakazi wa reli, na kila Desemba magauni ya Krismasi. Juu ya kichwa chake zilipita ndege ndogo zikielekea Tsavo kuhesabu tembo na kuwatafuta majangili. Sisi watoto tulikuwa tukikimbia nje kuzipungia mkono. Baba hakuinua macho. Fundi anayeinua macho, alisema, hujishona kidole.

Mimi nilizitazama ndege hizo nikaamua moyoni kwamba riziki yangu itakuwa chuma na injini, si sindano. Baba hakunikataza. Alinilipia karo ya chuo cha ufundi kwa pesa za sare za shule, na mwaka 1993 nikapata nafasi ya uanagenzi katika karakana moja kwenye Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi. Jumatatu ya kwanza nilivaa ovaroli mpya, nikatafuta spana. Fundi mkuu wa karakana, ambaye sote tulimwita Mzee, alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza baba yangu anafanya kazi gani. Nikamwambia. Akatabasamu, akafungua droo, akanipa mkasi, kipande cha nta na sindano ndefu karibu futi moja. "Basi wewe Mungu amekuleta mahali pako," alisema.

Kumbe nilikuwa nimesafiri zaidi ya kilomita mia tatu kuikimbia sindano, nikaikuta imenitangulia.

Na imewatangulia wengi. Mwaka 1900, Wilbur Wright alipofika Kitty Hawk huko Marekani na tiara lake kubwa la majaribio, mbao alizozipata zilikuwa fupi kuliko alivyokusudia, ikambidi apunguze na kitambaa cha mabawa. Aliazima cherehani ya mke wa mwenyeji wake, familia ya Tate, akakishona upya yeye mwenyewe. Walipoondoka ndugu hao waliliacha tiara lile pale mchangani, na mama yule akachukua kitambaa cha mabawa akawashonea binti zake wawili magauni. Habari hiyo naipenda sana. Ndege iliyokuja kuibadilisha dunia ilianza kwenye cherehani ya nyumbani, na bawa lake likaishia kuwa nguo za watoto.

Hapa kwetu pia usafiri wa anga ulianza na nguo. Florence Kerr Wilson alipoanzisha Wilson Airways jijini Nairobi mwaka 1929, ndege yake ya kwanza ilikuwa Gipsy Moth, ndege ya mbao na kitambaa. Ni kwa heshima yake uwanja ule ulipewa jina la Wilson mwaka 1962. Na Gipsy Moth ndiyo iliyoanguka Voi tarehe 14 Mei 1931, muda mfupi baada ya kuruka, ikamuua Denys Finch Hatton pamoja na mtumishi wake. Wazee wa kwetu walikuwa bado wakiitaja ajali hiyo nilipokuwa mdogo.

Ndege niliyofundishwa kazi kwayo ni Piper Super Cub, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1949 na ambayo askari wa wanyamapori wa Kenya wameitumia kwa miaka mingi. Ni ndege ya watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Mwili wake ni kiunzi cha mabomba ya chuma yaliyochomelewa, mabawa yake yana mihimili na mbavu za alumini, na juu ya vyote hivyo ni kitambaa. Hutua penye nyasi, mchanga au mawe, na huweza kwenda polepole kiasi cha rubani kuona nyayo. Zamani kitambaa kilikuwa pamba ya daraja A, ambayo ikiwa mpya ilipaswa kustahimili mvuto wa ratili 80 kwa kila inchi moja ya upana. Ikipimwa ikaonekana imeshuka chini ya ratili 56, ndege kama hiyo hairuki tena mpaka ivuliwe nguo na kuvikwa nyingine. Siku hizi tunatumia poliesta, ambayo haiozi kwa unyevu kama pamba, lakini nayo ina adui yake, nitamtaja baadaye.

Mzee hakunianzishia bawa. Alinipa eleveta, lile bapa la mkiani linaloinua na kushusha pua ya ndege. Ni kipande kidogo, mtu mmoja aweza kukibeba kwapani, lakini kina kila somo ndani yake. Kwanza nilisugua kiunzi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakipaka rangi ya msingi. Kila ncha ya skrubu na kila ukingo mkali uliweza kukikwaruza kitambaa, nikauziba kwa utepe. Kisha nikalaza kitambaa, nikakigandisha pembeni kwa gundi, upande mmoja ukiulalia mwingine. Kikiwa kimelegea vile kilinitia wasiwasi, maana kilikuwa na mikunjo kama shuka la mtu aliyeamka usiku.

Mzee akaniambia, "Sasa leta pasi."

Nilidhani ananitania. Lakini hivyo ndivyo poliesta hukazwa, kwa pasi ya nyumbani. Ukiipitisha yenye moto wa wastani, kitambaa hujikunja polepole na mikunjo inatoweka mbele ya macho yako. Unaongeza moto, unapita tena, na mara ya mwisho unafika nyuzi 350 za Fahrenheiti, ambazo ni kama 177 za Selsiasi. Hapo kinakuwa kimekaza kama ngoma, ukikigonga kwa kidole kinaitika. Ukizidisha moto kinaanza kulegea, na kilicholegea kwa moto hakirudi. Kwa hiyo hatuamini namba zilizoandikwa kwenye pasi. Tunaipima kwa kipimajoto na kuweka alama zetu wenyewe. Baba alikuwa na pasi ya makaa, na kipimajoto chake kilikuwa tone la mate kwenye ncha ya kidole. Alikuwa akisikiliza lile tone linavyolia. Niliposimama mbele ya eleveta na pasi mkononi nilijikuta nasikiliza kama yeye.

Kisha kuna kushona. Hapo ndipo watu wengi huelewa vibaya. Hudhani upepo hulisukuma bawa kutoka chini tu, kwa hiyo kitambaa cha juu kinakandamizwa kwenye mbavu. Sivyo. Sehemu kubwa ya nguvu inayobeba ndege hutoka juu ya bawa, ambako msukumo wa hewa hupungua, na kitambaa huvutwa kwenda juu, mbali na mbavu zake. Kinachokizuia kisifure na kung'oka ni uzi. Kila ubavu hushonwa kutoka mwanzo hadi mwisho, uzi ukipita juu na chini na kuuzunguka. Nafasi kati ya mshono na mshono haiamuliwi na jicho la fundi. Huamuliwa na mwendo wa juu kabisa wa ndege hiyo, na karibu na propela, ambako upepo ni mkali zaidi, mishono husogezwa karibu karibu.

Bawa hushonwa likiwa limesimamishwa wima, watu wawili, mmoja kila upande. Mzee alisimama upande ule, mimi upande huu, hatuonani. Nilichomeka sindano kwenye tundu lililotobolewa kando ya ubavu, yeye akaipokea, akaivuta, akairudisha kwenye tundu la pili, mimi nikafunga fundo. Uzi tuliupaka nta. Katika mchana mzima tulisemezana maneno machache sana. Nilijifunza kuijua hali yake kutokana na uzi tu. Akichoka, uzi ulikuja ukilegea. Akiwa na jambo moyoni, uliniponyoka kwa nguvu.

Kila mshono una fundo lake. Nilimwuliza kwa nini tusifanye kama mshono wa mnyororo, ule wa magunia, ambao ni mwepesi. Akanijibu nimwulize baba yangu. Sikuhitaji kumwuliza. Mshono wa mnyororo ukiupata mwisho wake na kuuvuta, wote hufumuka kwa pumzi moja. Uzi wa bawa ukikatika mahali pamoja, fundo la kabla yake na la baada yake lazima yabaki yameshika.

Juu ya mishono huja tepu zenye kingo za meno, zinazokatwa hivyo ili zisichanike na zishike vizuri. Chini ya bawa, upande wa nyuma, huwekwa vitundu vya kutolea maji. Halafu huja rangi ya fedha, yenye unga wa alumini ndani yake. Huyo ndiye anayepigana na adui wa poliesta, yaani jua. Miale ya urujuanimno hula nyuzi zake kimya kimya, na ndege inayolala nje Tsavo haina kivuli. Ili kujua kama rangi ya fedha imetosha, huwashwa taa upande wa ndani, nasi tukatazama nje gizani. Ukiona mwanga unapenya, bado. Rangi ya mwisho, ile ya urembo, ndiyo nyepesi kuliko zote kwa fundi, ingawa nayo haifai kumwagwa kiholela. Katika ndege nyingi uzito ukizidi nyuma ya bawaba za bapa la mkiani, bapa hilo laweza kuanza kupigapiga hewani na kujivunja.

Hayo yote nilijifunza ndani ya mwaka mmoja na ushei. Swali gumu nililolitaja nililikuta katika mwaka wa tatu.

Ililetwa Super Cub ya mtu binafsi, ivuliwe na kuvikwa nguo mpya mwili mzima kabla ya msimu wa watalii wa Julai. Tulipokiondoa kitambaa cha zamani tulikuta kiota cha panya karibu na mkia. Panya ni wabaya kwa ndege, maana mkojo wao hula alumini na chuma. Mzee alipiga magoti na tochi, akachukua chuma chenye ncha na nyundo ndogo, akaanza kugonga mabomba ya chini mmoja mmoja. Mlio ulikuwa mkavu na safi mpaka alipofika karibu na gurudumu la nyuma, mahali ambapo ndege ikisimama ndipo maji yote huteremkia. Hapo mlio ulibadilika, na ile ncha ikazama kama inayotoboa papai bivu. Kwa nje rangi ilikuwa nzima. Kutu ilikuwa imelila bomba kutoka ndani.

Mwenye ndege alikuja kesho yake. Alieleza kwa upole kwamba ana wageni, amekwisha kupokea pesa zao, na kukata mkia na kuuchomelea upya kutamharibia msimu. Ndege, alisema, ilikuwa imeruka hivyo hivyo mwaka mzima. Mkuu wa karakana alitazama saa yake, akasema pakwanguliwe, papakwe rangi, pafunikwe, na kazi ya kuchomelea ifanywe baada ya msimu. "Hapo ndani nani atapaona?"

"Bwana, mimi nimeshapaona," Mzee alijibu. "Siwezi tena kutopaona."

Mkuu wa karakana akanigeukia. "Wewe kijana una mkono mzuri. Malizia wewe."

Mke wangu alikuwa mjamzito wa miezi saba, na kodi ya nyumba yetu Kibera ilikuwa imechelewa. Nilimtazama Mzee, lakini yeye alikuwa anafuta sindano zake kwa kitambaa, hakunitazama wala kunipa ishara. Nadhani hakutaka nikatae kwa ajili yake. Nilisema sitaweza. Jioni hiyo sote wawili tulipewa likizo tusiyoiomba, tena bila malipo.

Tulikaa nyumbani siku kumi na mbili. Ndege haiwezi kuruka bila sahihi ya mhandisi mwenye leseni, na mhandisi wetu, aliyekuwa safarini, aliporudi alitaka kuona kiunzi kabla ya kitambaa. Alikigonga mwenyewe. Mkia ulikatwa, bomba jipya likachomelewa, nasi tukaitwa kazini. Hatukuombwa radhi, na mwenye ndege hakuleta tena ndege yake kwetu. Ndege iliendelea kuruka, na hakuna ajali yoyote iliyotokea. Siwezi kukuapia, msomaji, kwamba mkia ule ungekatika Julai ile. Pengine ungevumilia. Kazi ya namna hii haimpi mtu ushahidi kwamba alifanya vema. Ukifanya sawasawa, hakuna linalotokea, na jambo lisilotokea halina shahidi.

Miezi michache baadaye, mwaka 1996, baba alikuja Nairobi kutazamwa macho. Mtoto wa macho alikuwa amemzibia jicho moja na la pili lilikuwa linafuata. Siku moja nikamleta karakana. Mzee alimpokea kwa heshima zote, akamwita "Fundi", akampa kiti karibu na bawa lililokuwa limeshonwa lakini bado halijatiwa tepu. Baba hakulitazama, alilipapasa. Alipitisha kidole gumba juu ya mishono, ubavu baada ya ubavu, akihesabu kwa midomo. Kwenye fundo moja alisimama, akalirudia, akaendelea. Niliona aibu ya ajabu, kama mtoto anayesubiri daftari lake lirudi kutoka kwa mwalimu.

Alipomaliza aliuliza, "Na ndani je?"

Nikamwambia ndani ni mbavu na mihimili.

"Najua. Nauliza nani ameona ndani. Mimi mteja mjuzi akija kuchukua nguo, haitazami nje. Anaipindua. Akikuta pindo limekaa, nyuzi zimekatwa, mshono umerudiwa, ndipo analipa. Hili huwezi kulipindua."

Mzee alicheka, akaniambia, "Umesikia? Miaka mitatu nakueleza jambo hili kwa maneno mengi."

Hilo ndilo swali gumu. Watu huuliza kama kitambaa kitapasuka, na hilo lina majibu yake: ratili, nyuzi za joto, nafasi za mishono. Lakini ndege ya kitambaa inaweza kuwa na nguo nzuri kupita zote uwanjani na ndani yake chuma kimeoza. Tena nguo mpya ndiyo hufanya mtu yeyote asishuku. Kwa hiyo kila fundi wa kazi hii ana siku moja tu ya kuwa mkweli, nayo ni siku ya mwisho kabla ya kufunika. Baada ya hapo hata yeye mwenyewe haoni tena. Rubani atapanda asubuhi na chai yake ya chupa, ataketi katikati ya mabomba ambayo hajawahi kuyaona, na atakuwa anategemea kwamba kuna mtu aliyepiga magoti akayagonga moja moja.

Naona jambo hili halihusu ndege peke yake. Mwenye kujenga nyumba huwa na siku yake kabla ya zege kumwagwa juu ya nondo. Mwenye kuweka hesabu huwa na siku yake kabla ya kufunga daftari la mwaka. Na mzazi naye, nadhani, ana miaka fulani michache ambapo bado anaweza kuona ndani ya mtoto.

Baba alifanyiwa upasuaji, akapata nuru ya jicho moja, akarudi barazani kwake Voi akashona miaka mingine minane. Mzee naye amekwisha kutangulia mbele ya haki. Sindano yake ninayo mimi. Siku hizi nafundisha vijana, na wao hupiga picha za ndani ya bawa kwa simu zao kabla hatujafunika, jambo ambalo nalisifu. Hata hivyo, kiunzi kikiwa tayari, hatufuniki siku ile ile. Tunakiacha kilale usiku mmoja. Asubuhi nampa kijana tochi na nyundo ndogo, namwambia azunguke peke yake, polepole, agonge kila bomba na asikilize. Mimi nakaa mbali nisimharakishe. Akirudi simwulizi ameona nini. Namwuliza kama yuko tayari kutopaona tena. Akisema ndiyo, tunaleta kitambaa.